Muhtasari wa Filamu ya Nne

Wiki ya Filamu za Afrika ilifika Lushoto Julai 1996 ndani ya Land Rover moja. Ilikuja na projekta mbili, jenereta, makopo ishirini na sita ya filamu, na mtu mmoja aitwaye Alen, aliyesomea sinema nje ya nchi na kurudi Dar es Salaam akiwa na nia ya kuwaonyesha Waafrika picha zilizotengenezwa na Waafrika. Filamu zilikuwa sita. Zilitoka Mali, Senegali, Nijeri, Kameruni na Burkina Faso, na watu waliokuwa ndani yake walizungumza lugha ambazo hakuna mtu wa Lushoto aliyezijua. Maandishi yaliyopita chini ya picha yalikuwa ya Kifaransa, ambacho pia hakuna aliyekijua. Kila filamu ilikuwa na kijitabu cha Kiingereza chenye maneno yote ya wahusika.

Kwa hiyo ilihitajika sauti ya Kiswahili. Alen alitafuta msimuliaji wa kusimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti, na ambaye, akifaa, angepanda Land Rover na kuendelea na safari: Bulwa kwenye mashamba ya chai, Muheza, Tanga, Moshi, hadi mwezi wa kumi na moja. Kiti kilikuwa kimoja. Waliojitokeza walikuwa wawili.

Anselm Shemhilu alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na saba alikuwa msimuliaji wa gari la sinema la serikali. Alikwenda nalo kila kijiji cha wilaya, mpaka Mnazi kule chini kwenye joto, akiwaeleza wakulima namna ya kuhifadhi mahindi na kuchimba vyoo. Alichokisema kilikuwa kimeandikwa kwenye karatasi, na kilichokuwa kwenye karatasi kilikuwa kweli. Mwaka 1993 wafanyakazi walipunguzwa, gari likauzwa, naye akarudi nyumbani na barua ya shukrani na ujuzi wa kuunganisha filamu iliyokatika kwa kupapasa tu.

Yusuph alikuwa na miaka ishirini na sita na banda la video karibu na stendi. Alisimulia picha za Kihindi na za karate bila kujua Kihindi wala Kichina. Picha ileile ya Jumamosi aliisimulia Jumapili kwa namna nyingine kabisa, na watu walirudi Jumapili kwa sababu hiyo.

Anselm alisema hana neno na Yusuph. Alilisema mara tatu kabla ya Jumatatu. Mke wake, Secilia, alimwambia kwamba mara moja ingetosha.

Mpango wa Alen ulikuwa rahisi. Jumatatu angesimulia Anselm, Jumanne Yusuph, Jumatano Anselm, Alhamisi Yusuph. Baada ya hapo angechagua. Asiyekuwa na zamu angekaa nyuma. Na kwa kuwa, mbali na Alen, Anselm ndiye pekee aliyejua projekta, Alen alikubali kuziendesha mwenyewe siku za zamu ya Anselm, na Anselm aziendeshe siku za Yusuph. Sinema ilionyeshwa saa tisa alasiri ili watu wa vijiji vya juu wawahi kurudi makwao, na madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi.

"Mmeyavisha madirisha," alisema Hadija, muuza viazi wa sokoni, aliyekaa mstari wa mbele kila siku. "Na sisi tunaotetemeka tuvae nini?"

Jumatatu Anselm alisimulia filamu ya Mali. Aliisoma kama ilivyostahili kusomwa: kila mhusika kwa jina lake, kila neno mahali pake. Mwanzoni walikuwapo watu mia na arobaini. Mwishoni mia na kumi. Walipiga makofi. Secilia, aliyekuwa akifuma masweta ya wanafunzi ili kuyauza, alikaa mstari wa nne akifuma kwa mkono, maana vidole vyake havikuhitaji mwanga.

Jumanne Yusuph alisimulia filamu ya Kameruni, kuhusu mkusanya kodi na baiskeli yake. Mwanzoni walikuwapo watu mia na hamsini. Mwishoni walikuwa zaidi ya mia mbili, kwa sababu waliopita barabarani walisikia vicheko wakaingia.

"Mtazameni," alisema Yusuph, mkusanya kodi alipokuwa akisukuma baiskeli kilimani. "Huyu angezaliwa Lushoto asingenunua baiskeli. Angenunua mbuzi, wapande wote wawili wakiwa na akili."

Anselm, nyuma ya projekta, alikuwa na kijitabu mkononi. Maneno hayo hayakuwamo. Mkusanya kodi alikuwa kimya katika sehemu hiyo, dakika moja na sekunde ishirini. Hata hivyo mstari wa nne uliinama mbele kwa kicheko, na Secilia alikuwa katikati yake, ameshika mbavu.

Jioni ile Anselm alimwuliza.

"Ulicheka leo."

"Watu wote walicheka."

"Sikuuliza watu wote."

"Nilicheka, Baba Janeth. Nikaungame?"

"Alichosema hakikuwamo kwenye filamu."

"Najua. Nilikusikia kule nyuma unasema 'hapana, hapana' kama unafukuza kuku."

"Na sweta?"

"Sweta gani?"

"Jana ulifuma mkono mzima, kutoka begani mpaka kwenye kifundo. Leo hukuongeza hata mstari mmoja."

"Mume wangu, ulikuwa unazihesabu sindano zangu?"

"Nilikuwa nabadilisha kopo. Taa iliwaka. Nikaona."

Kesho yake asubuhi Anselm alikwenda kwa Alen na orodha. Yusuph alikuwa amekosea mara kumi na moja. Alimfanya mkusanya kodi kuwa mtoto wa nje wa chifu, jambo ambalo filamu haikulisema popote. Alimpa mbwa jina. Mazishi aliyaita mahari. Alen alianza kucheka, akaacha. Aliyetengeneza filamu ile, alisema, alikuwa rafiki yake, na alikaa miaka mitano akiitengeneza.

"Tufanye hivi, Mzee Anselm. Niandikie muhtasari wa filamu ya nne kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Nitamwambia Yusuph afuate huo tu. Akiongeza chake, safari hana."

"Si afadhali aione kwanza?"

"Taa za projekta zimebaki mbili na miezi minne iko mbele yetu. Siwezi kuichoma moja kwa majaribio. Wewe andika."

Siku hiyo hiyo, Jumatano, Anselm alisimulia filamu ya Senegali. Alipokuwa akijaribu kipaza sauti, mtu alisema kwa sauti kutoka mstari wa nyuma, "Kaeni kimya, Taarifa ya Habari imeanza," na ukumbi ukacheka kabla hajasema neno. Ilikuwa mara ya kwanza ukumbi kucheka katika zamu yake. Aliisoma filamu yote bila kosa. Secilia alimaliza mkono wa pili wa sweta.

Anselm alirudi nyumbani jua likiwa bado juu ya mlima, akakaa dirishani, akafungua kijitabu cha filamu ya nne.

Ilikuwa filamu ya Burkina Faso. Mjane, Mariamu, amefiwa na mumewe miaka miwili iliyopita. Isa, mdogo wa marehemu, anarudi kutoka machimboni nchi ya mbali. Wazee wa ukoo wanamkabidhi kofia ya kaka yake, na pamoja na kofia wanamkabidhi mjane na shamba. Ndoa haina harusi. Kukabidhiwa kofia ndiyo ndoa. Yanayofuata yanahusu kama Mariamu aliulizwa, na nani alipaswa kumwuliza. Lushoto kila mtu angeielewa. Kurithi mjane lilikuwa jambo ambalo wazee walilifanya, makanisa yalilikataza, na baadhi ya watu bado walilifanya bila kulitaja.

Anselm aliandika kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wake uliosimama. Sentensi ya kwanza ilikuwa kweli. Ya pili ilikuwa kweli. Sentensi ya tatu aliiandika hivi: *Isa ni mdogo wake Mariamu, wa tumbo moja.*

Aliisoma tena. Kalamu haikuwa imeteleza, wala hakuwa amechanganya majina. Akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa, na sentensi nyingine zote kumi na tisa zilikuwa kweli. Moja ilisema: *Mariamu anapata mimba.* Nyingine: *Wazee wanakubaliana kwamba mtoto atapewa jina la marehemu.* Kama Yusuph ni msimuliaji, Anselm alijiambia, ana macho. Ataona mwenyewe kilichopo kwenye picha.

Alhamisi saa sita mchana Yusuph alikuja ukumbini kuichukua karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Umeniokoa. Kile Kiingereza cha kijitabu nikifika neno la tatu, picha imeshahamia kijiji cha pili." Aliisoma akiwa amesimama, midomo ikienda. "Huyu Mariamu mimba kaipata kwa nani?"

"Picha itakuonyesha."

"Haya. Sitaongeza hata nukta. Bwana Alen kasema nikiongeza nimekwisha, na mimi Bulwa napataka, mzee, sikufichi. Mama yangu alichuma chai kule miaka tisa hajaona sinema hata moja." Aliikunja karatasi vizuri. "Unajua nilianza kwa kukusikiliza wewe? Nikiwa darasa la pili, pale uwanjani. Ile picha ya panya wa ghalani. Nilirudi nyumbani nikawasimulia wadogo zangu neno kwa neno. Ila mimi panya nilimpa jina."

"Panya hakuwa na jina," alisema Anselm.

"Ndiyo maana nikampa."

Saa tisa ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mstari wa pili alikaa Mzee Kornelio, mzee wa kanisa, ambaye hakuwa amekuja siku tatu za kwanza. Safari hii alikuja na mkewe, mkwe wake wa kike na mama wa huyo mkwe. Alen alikuwa nje na jenereta, iliyokuwa ikikohoa tangu asubuhi. Anselm aliwasha projekta.

Yusuph alianza taratibu, karatasi mkononi, kwa sauti ambayo watu wa bandani kwake hawakuwahi kuisikia. Alimtaja Mariamu, mjane wa miaka miwili. Alimtaja Isa, mdogo wake wa tumbo moja, anayerudi kutoka machimboni na sanduku la bati. Wazee walipomkabidhi Isa kofia, Yusuph alisema, "Wanampa kofia ya shemeji yake ili amtunze dada yake. Ndivyo ndugu anavyopaswa." Watu wakaitikia kwa kuridhika. Mzee Kornelio alitikisa kichwa kukubali.

Kopo la pili, Isa aliingia nyumbani kwa Mariamu, akavua viatu mlangoni. Mariamu alitandika mkeka. Walitazamana.

"We Yusuph," alisema Hadija. "Hao ndugu mbona wanaangaliana kama wanadaiana?"

"Mama, hawajaonana miaka sita."

Kicheko. Kwenye kitambaa, Isa aliushika mkono wa Mariamu, akainama, akapuliza taa.

Yusuph alitazama karatasi. Haikusema lolote kuhusu taa. "Wanalala," alisema. "Kila mtu na upande wake."

Kicheko kilikuwa kidogo zaidi. Picha iliyofuata ilikuwa asubuhi. Mariamu alimpelekea Isa maji ya moto ya kuoga, na Isa alitabasamu kwa namna ambayo haikuhitaji msimuliaji. Kisha miezi ilipita, na Mariamu alionekana mtoni, tumbo limejaa.

"Mariamu amepata mimba," alisema Yusuph.

"Ya nani?" aliuliza Hadija, na safari hii hakuwa akitania.

Anselm aliiona karatasi ikisogezwa kwenye mwanga wa projekta, ikageuzwa nyuma, ikarudishwa. Yusuph angeweza kusema lolote. Jumanne angesema lolote, na ukumbi ungemfuata. Lakini alikuwa ameahidi, na aliyeandika karatasi ile alikuwa mtu asiyekosea.

"Mtoto atapewa jina la marehemu," alisoma. "Kwa hiyo… ni ya marehemu."

"Marehemu wa miaka miwili?" Hadija alisimama. "Mimba ya miaka miwili, huyo ni tembo?"

Hakuna aliyepata muda wa kucheka, kwa sababu Isa alikuwa amepiga magoti mtoni na kuweka sikio kwenye tumbo la Mariamu, na mkono wake ulikuwa pale ambapo mkono wa ndugu hauwekwi. Mama wa mkwe wake Mzee Kornelio alijifunika uso kwa kanga. Mzee Kornelio alisimama.

"Mtu na dada yake!" alisema. "Mmetuitia hiki? Mmetuketisha na wakwe zetu tutazame mtu na dada yake? Zima hiyo!"

Ukumbi ukainuka. Mabenchi yalianguka. Watu walihama kutoka Kiswahili kwenda Kishambaa, kama wanavyofanya kwa mambo ambayo Kiswahili hakiwatoshi. Mtu alilivuta blanketi la dirisha la tatu, na mwanga wa mchana ukaingia, Isa na Mariamu wakafifia. Anselm alizima taa ya projekta na kuiacha feni yake izunguke mpaka taa ipoe, kama inavyotakiwa. Ndani ya dakika sita ukumbi ulikuwa na watu wanne.

Alen aliingia mbio, mikono ina mafuta ya jenereta.

"Nani kasema Isa ni ndugu yake Mariamu? Isa ni mdogo wa marehemu! Filamu nzima inasimama juu ya hilo! Yusuph, ulilitoa wapi?"

Yusuph alikuwa bado ameshika karatasi. Alimtazama Anselm mara moja, si kwa muda mrefu. Kisha aliikunja, akaitia mfukoni.

"Nilisoma vibaya, bwana. Karatasi iko sawa. Nilikuwa na haraka, nikachanganya."

Hakusita. Sauti yake ilikuwa na aibu ya kiasi kinachofaa, wala haikuzidi. Alen alimwamini papo hapo, na mtu mwingine yeyote angemwamini.

"Hili ndilo nililoliogopa," alisema Alen. "Mzee Anselm, Ijumaa na Jumamosi ni zako. Na Jumapili tunaondoka na wewe."

Kiti kilikuwa chake. Anselm aliutambua ukweli huo kama alivyotambua mambo mengine: umesemwa, na mashahidi wapo. Aliisubiri furaha, haikuja. Secilia alikuwa amesimama kando ya mlango, na alikuwa akimtazama Yusuph.

"Kijana ana adabu," alisema, bila kumwambia mtu maalumu.

Miaka ishirini na mitano ya ndoa, na Anselm hakukumbuka kumsikia akisema hivyo kuhusu mtu yeyote kwa sauti ile. Yusuph alikuwa na vicheko vya ukumbi, na mstari wa nne, na watu waliotoka barabarani kuingia. Sasa alikuwa na hili pia. Kwa sentensi moja, bila karatasi, alikuwa amesema uongo mzuri kuliko ule ambao Anselm aliutafuta ukurasa mzima.

"Hakusoma vibaya," alisema Anselm. "Sentensi ya tatu. Ichukue karatasi uisome."

"Mzee, acha," alisema Yusuph.

"Mpe."

Alen aliisoma. Alipoinua uso alikuwa akitafuta njia ya kumsaidia. "Ulikosea, mzee. Majina mengi, ulichoka…"

"Sikukosea. Niliandika nikijua."

"Kwa nini?"

Anselm alifikiri jinsi ya kulieleza kwa usahihi. "Jumanne watu walicheka," alisema. "Siku zangu hawakucheka."

Secilia aliinamisha kichwa na kutoka nje. Alen aliendelea kuishika karatasi, kisha akaanza kuyashusha mablanketi, moja baada ya jingine, na Yusuph akamsaidia.

Ijumaa baada ya sala ya mchana filamu ya nne ilionyeshwa tena. Yusuph alisimama mbele ya ukumbi akasema kwamba jana Isa alipewa undugu usio wake, na leo anarudishiwa wake. Hakutaja mtu. Watu walijaa mpaka nje. Mzee Kornelio alirudi, bila wakwe, na filamu ilipokwisha alibishana na Hadija nusu saa kuhusu kama Mariamu alipaswa kuulizwa, na Alen alionekana mwenye furaha kwa mara ya kwanza tangu afike. Anselm aliendesha projekta. Hapakuwa na kosa lolote.

Baada ya onyesho Alen alimfuata. Yusuph ndiye angekwenda. Lakini Yusuph hakuweza kusoma vijitabu, na Alen hakuwa na muda. Anselm angeandika mihtasari ya filamu zote sita, kurasa tatu tatu, na Alen angeikagua yote, sentensi kwa sentensi.

"Ukikataa nitaelewa," alisema.

Anselm hakukataa. Aliandika Jumamosi yote, na kila sentensi ilikuwa kweli. Jioni Yusuph alikuja nyumbani kwake kuichukua. Secilia alimkaribisha chai na kumwuliza habari za mama yake, kisha akatoka kwenda kibandani kwa kuku. Wanaume wawili wakabaki mezani na karatasi kati yao. Yusuph alisoma kwa kidole, akiuliza. Huyu ni nani kwa huyu. Hapa ni siku ileile au kesho yake. Anselm alimjibu yote.

Katika filamu ya Nijeri kidole kilisimama.

"Hapa, mzee. Anapotumbukiza ndoo kisimani halafu ndiyo anagundua hakufunga kamba. Watacheka?"

Anselm alitazama kijitabu. Kilikuwa na kina cha kisima na maneno aliyoyasema mwenye ndoo, ambayo yalikuwa mawili. Zaidi ya hapo hakikusema.

"Sijui," alisema.

Yusuph alimtazama, akidhani ananyimwa jibu.

"Kweli sijui, Yusuph."

Kijana aliitazama sentensi ile kama anayesikiliza kitu chumba cha pili. Kisha alitabasamu peke yake, akachukua penseli na kuandika neno moja au mawili pembeni, kwa herufi ndogo, mkono wa kushoto ukiwa umeziba ukurasa.

Anselm alinyoosha shingo. Kutoka upande wake wa meza, maneno yalikuwa kichwa chini, na hakuweza kuyasoma. Na Yusuph alikuwa ameshafungua ukurasa mwingine.